Kizibo cha Buluu

Mkitaka, msiniamini. Kaeni hivyohivyo na nyuso zenu za watu waliofaulu mitihani, mtikise vichwa, mseme huyu kijana aliyeacha shule darasa la sita atatufundisha nini. Nawaambia mapema: kuna mtu alishinda siku na siku akitengeneza kitu ambacho hakikuwa kibovu. Alikifungua mpaka kikabaki vipande sakafuni, akakiosha, akakirudishia, kikakataa vilevile. Na kwa kazi hiyo nusura ampoteze mwanawe. Anayebisha abishe sasa hivi, maana nikishaanza sipokei maswali.

Mtu huyo alikuwa na baiskeli, na baiskeli haikuwa yake.

Jina lake Yafeti. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu ya mlima, kwetu Usambara, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila hodi na kuondoka bila kuaga. Alilima viazi na kabichi kwenye matuta ya mteremkoni. Baiskeli ilikuwa ya mkewe, Foibe, mhudumu wa afya wa kijiji. Ilikuwa ya mtumba, baiskeli ya milimani, yenye matairi ya meno na gia nyingi kuliko alizozihitaji mtu, na mbele ilikuwa na shokapu. Asiyeijua shokapu nitamwambia: ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ila miguu yake miwili si chuma kitupu. Ukigonga jiwe, inazama, kisha inainuka, ili jiwe liishie humo lisifike kwenye mifupa yako. Mguu wa kushoto una springi ndani. Mguu wa kulia una mafuta. Springi inainua, mafuta yanatuliza. Springi ikiwa peke yake itakurusha kama mwanambuzi. Mafuta yakiwa peke yake yatazama yasirudi. Vikiwa pamoja, unateremka mlima na trei ya mayai. Waliooa na walioolewa wameshanielewa. Waliobaki watanielewa wakikua.

Foibe aliijua baiskeli hiyo kama unavyoujua mlango wa nyumba yako gizani. Alikwenda nayo kwa mama mja mzito wa ng'ambo ya korongo, kwa mtoto mwenye surua, kwa bibi aliyesahau dawa zake za presha. Siku ya mwisho alipanda kutoka bondeni kwenye mvua, homa imeshamkaa mabegani. Alifika, akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa sebule, akasema, "Nitaifuta kesho," akaenda kulala. Kesho yake wanaume wanne walimteremsha kwa machela. Hakuupanda tena mlima ule.

Walikuwa na binti mmoja, Damari, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado ya utotoni. Baada ya msiba bibi yake, mzaa mama, alimchukua akakae naye bondeni, mpaka baba apate nguvu. Ndivyo walivyosema, na hawakusema vibaya; mtu hawezi kumfunga mtoto kamba za viatu wakati zake mwenyewe anasahau kuzifunga. Asubuhi ya kuondoka mtoto alikataa kutoka. Aliikumbatia keria ya baiskeli, pale alipozoea kukaa nyuma ya mama yake, na watu wazima watatu hawakuweza kumbandua. Yafeti akachuchumaa.

"Nitakufuata," akamwambia. "Nitakuja na hiihii baiskeli ya mama. Utakaa hapahapo, nitakurudisha nyumbani."

Mtoto akaachia. Watoto hawana daftari lakini hawasahau deni la maneno.

Masika yakaja, yakaenda, yakaja tena. Baiskeli ikabaki pale ukutani sebuleni. Mgeni akija ilimbidi apite kiubavu kama kaa. Wageni wakapungua, si kwa ajili ya baiskeli. Yafeti alikuwa na tabia ya kupika makande ya watu watatu, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea kipimo hicho, na kuyamwaga yaliyobaki kwa kuku. Kuku wake walikuwa wanene kuliko yeye. Jioni alitoa vikombe viwili kabatini, akakumbuka, akarudisha kimoja, na sauti ya kikombe kikirudi kabatini ilikuwa ndiyo sauti kubwa kuliko zote katika nyumba hiyo.

Jirani alikuwa naye, Mama Sifaeli, shoga wa marehemu. Mama huyo alimletea chakula kwenye bakuli mara kwa mara. Sasa kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu. Limekuja na maharage, litarudi na mapeasi, na kama huna mapeasi hata ndimu mbili, hata chumvi. Yafeti alikuwa na viazi ghala zima. Lakini kila alipotaka kutia viazi kwenye bakuli na kulipeleka, aliona kwamba hicho si kitu cha mwanamume mmoja. Ni kitu cha nyumba, kinatumwa na nyumba kwenda kwa nyumba. Yeye alijiona si nyumba. Basi hakurudisha. Mabakuli ya Mama Sifaeli yakarundikana juu ya kabati, yameoshwa, yamepangwa, yanangoja.

Siku moja ya gulio mama mmoja muuza mapeasi alipanda na neno kutoka bondeni kwa mama mkwe. Neno lilikuwa fupi. Bibi amezeeka, mwanawe wa Muheza anamchukua akakae naye. Jumapili, ibada ikiisha, wanapanda basi. "Amesema hivi," muuza mapeasi akaeleza, akitazama pembeni, "kama unamtaka mtoto, uje. Usipokuja, asikulaumu mtu na wewe usimlaumu mtu. Mtoto ataandikishwa shule kulekule."

Mtasema: si angetembea? Bondeni si mbinguni. Aende kwa miguu, amshike mtoto mkono, warudi. Mko wepesi kama nini! Nami nilisema hivyo nilipoisikia mara ya kwanza. Lakini alikuwa ameahidi baiskeli, na mtu aliyevunjikiwa na kila kitu anaweza kung'ang'ania ahadi moja kama mtu anayezama anavyong'ang'ania unyasi. Alijiambia: nikienda mikono mitupu, mtoto atajua kwamba baba yake ni mtu wa maneno tu.

Akaiondoa baiskeli ukutani. Buibui wakahama. Akajaza upepo, akapanda, akaelekea njia ya mawe inayoshuka bondeni. Jiwe la kwanza lilimpiga kwenye viganja. La pili likampiga kwenye meno. Shokapu haikuzama hata unene wa ukucha. Kila jiwe lilimjia zima, kama lilivyo. Kwenye kona ya kwanza usukani ulimponyoka, akajikuta amekaa kwenye miiba, gurudumu likizunguka juu yake polepole. Hakuna aliyemwona. Kuna kuanguka ambako mtu angefurahi hata akichekwa.

Akaikokota mpaka kwenye maduka, kwa Fundi Singano. Singano alikuwa fundi wa baiskeli za kubebea mizigo, zile ngumu za chuma. Shokapu aliziona mara chache, na alichokiona mara chache alikuwa na tabia ya kukitangazia msiba. Aliikandamiza kwa mikono miwili, kisha kwa kifua.

"Kaka, hii imekufa. Hata uipigie kengele ya kanisa haiamki."

"Si labda mafuta?"

"Mafuta ya nini? Maiti haipakwi mafuta ikasimama." Akainama kuitazama vizuri, akanyoosha mkono kuelekea juu ya mguu wa kulia wa shokapu. Yafeti akaivuta baiskeli nyuma kidogo, kama mtu anayemvuta mtoto asishikwe na mgeni. Singano akamtazama, akacheka, akaingia ndani. Akatoka na uma mwingine, mkavu, wa chuma kitupu, uliotolewa kwenye baiskeli ya mchoma mkaa.

"Chukua huu. Hauzami, hauvuji, hauumwi. Utakuzika, kaka."

"Nikiuweka, mawe yataniuma."

"Yatakuuma mwaka mmoja. Baadaye mikono inakufa ganzi, husikii tena kitu."

Hilo lilikuwa shauri la mtu mwema. Nanyi mnawajua watu wema wa namna hiyo. Kila msiba una wawili watatu, wanakushika bega na kukuambia utazoea. Yafeti aliuchukua ule uma mkavu. Lakini aliomba na vitu vingine: mafuta ya shokapu, grisi, ringi mbili za mpira zinazokaa mdomoni mwa miguu kuzuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie, na alenki, kile kichuma kilichopinda kama herufi L.

"Umeshawahi kufungua shokapu?" Singano akamuuliza.

"Sijawahi."

"Basi safari hii shokapu itakufungua wewe."

Alianza kesho yake. Alitandika gunia sebuleni, akaipindua baiskeli, akatoa gurudumu, akakaa chini kama mtu anayemkalia mgonjwa. Aliufuta uma kwanza. Alifuta miguu yote miwili, akafuta maungio, akafuta hata majina ya kiwanda yaliyokwisha kubanduka. Juu ya mguu wa kulia palikuwa na kizibo cha buluu, ukubwa wa kizibo cha soda, kimeshikwa na vumbi. Yafeti alidhani ni kizibo tu, cha kuzuia mvua. Kitambaa kilipita pembeni yake.

Chini ya kila mguu palikuwa na nati ndani ya tundu. Aliingiza alenki, akazungusha. Nati ikazunguka. Ikazunguka tena. Ikaendelea kuzunguka wala haikutoka, kama mtu anayekubali kila unalomwambia na hafanyi hata moja. Alisukuma, alivuta, alitukana kidogo, akaomba msamaha kwa picha ya Foibe ukutani. Mwishoni akagundua kwamba ni lazima uikandamize shokapu kwa goti huku unazungusha, ndipo cha ndani kinashikwa na cha nje kinaachia. Akagonga kwa kipande cha mti. Tundu likafunguka, mafuta yakatoka yakaingia kwenye karai, meusi, mazito, na harufu ya kitu kilichofungiwa. Alikaa akiyatazama muda mrefu. Ndani ya chombo kizuri vile, kinachong'aa nje, nani angefikiri kuna weusi ule?

Mama Sifaeli alipita njiani, akachungulia mlangoni. Aliona vipande chini, akamwona mtu katikati ya vipande.

"Shemeji, nikuitie Sifaeli akushikie?"

"Namudu."

"Mikono miwili haitoshi kazi hiyo."

"Namudu, mama."

Akaenda zake. Yafeti akaendelea kumudu. Alishika upande mmoja kwa magoti na upande wa pili kwa kidevu.

Miguu ya nje ikavulika kama soksi. Ndani zikabaki fimbo mbili za chuma, moja kila upande. Aliisimamisha ya kushoto juu ya kibao, akaikandamiza. Ikaingia, ikamrudisha juu kwa nguvu mpaka akacheka. Ilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba hiyo kwa muda mrefu, kuku wakainua vichwa. Springi ilikuwa hai! Akaigeukia ya kulia. Akakandamiza. Ilikuwa kama kukandamiza mlima. Basi akaelewa: mguu mmoja ni mzima na mmoja umegoma, lakini kwa kuwa yote miwili inashika gurudumu moja, yule mzima naye hawezi kuzama. Anakaa humo na nguvu zake zote, amesimama wima, mkavu kama mwenzake.

Hapo angeweza kukisimamisha kitu chote na kukitazama juu. Hakutazama juu. Alitazama zile ringi.

Ringi za zamani zilikuwa zimepasuka. Alizibandua kwa kijiko cha kulia wageni, akiweka kitambaa chini ili asikwaruze. Akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akapaka grisi, akagonga ringi mpya, akatia mafuta mapya, akarudishia miguu, akakaza nati. Jua lilikuwa bado halijazama. Akajisifu kimoyomoyo. Alipoiinua baiskeli, mafuta yakaanza kuteremka kwenye mguu, tone baada ya tone, mpaka sakafuni.

Alikuwa ameziweka ringi nje ndani. Mdomo wa mpira unaotakiwa kutazama ndani ulitazama nje, na wa nje ulitazama ndani. Vumbi linakaribishwa, mafuta yanafukuzwa. Ni kosa la mwanagenzi, na wengi wenu mnalifanya hata bila baiskeli: mtu anapatwa na msiba, anaweka mlango kinyume. Lililo jema likitaka kukaa linavuja, na uchafu wa njiani ukipiga hodi unapewa kiti.

Akafungua vyote upya. Safari hii alikwenda polepole, akijifunza kwa vidole. Nati zilimjua, naye alizijua. Aligeuza ringi, akatia mafuta kwa kipimo, akafunga. Halikudondoka hata tone. Ikawa Jumamosi. Shokapu ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi, ndani na nje, haina kasoro moja mtu angeweza kuinyooshea kidole. Akashika usukani, akavuta pumzi, akaegemea kwa uzito wake wote.

Haikuzama.

Akaegemea tena. Haikuzama hata unene wa ukucha.

Yafeti alikaa kwenye gunia, grisi mpaka viwikoni. Ukungu ulikuwa umeingia, ukakaa naye. Hakulia. Baada ya muda aliunyanyua ule uma mkavu wa mchoma mkaa, akaupima mkononi. Ulikuwa na uzito wa kuaminika. Hauzami, hauvuji, hauumwi. Akatwaa nyundo na alenki, akaanza kulegeza usukani ili aing'oe shokapu ya mkewe aitupe nyuma ya nyumba.

"Hodi."

Alikuwa Mama Sifaeli, amejifunga kitenge kiunoni kama mtu aliyekuja kugombana.

"Nimefuata vyombo vyangu, shemeji. Nyumba yangu imebaki inakula kwenye sufuria kama wakata mbao."

Yafeti akaonyesha juu ya kabati kwa nyundo. Mama huyo akaanza kuyateremsha mabakuli moja moja, akiyahesabu kwa majina ya vyakula: hili la maharage, hili la mlenda, hili la Krismasi. Alipogeuka ameyabeba kifuani mpaka kidevuni, akaona kile kilichokuwa kikitaka kufanyika. Akayaweka mabakuli chini. Akaja, akasimama upande wa pili wa baiskeli, akasema neno moja:

"Shemeji, hii haijafa. Imefungwa tu."

Akamkumbusha kwa vidole. Mlima wa kwetu, ukiupanda na shokapu iliyo wazi, kila unapokanyaga pedali nguvu zako zinamezwa na springi. Unahema tu, huendi. Kwa hiyo mpandaji hukizungusha kizibo cha buluu, shokapu ikakaza, ikawa chuma, na nguvu zote zikaenda njiani. Kupanda kunataka ugumu. Lakini ukifika juu unakizungusha tena, unafungua, kwa sababu kesho utateremka, na kuteremka na ugumu ule ni kujivunja. Foibe alifunga siku ile akipanda na homa. Akafika hana nguvu za kufungua. Ndiyo hivyo tu.

Yafeti akaweka vidole viwili juu ya kizibo. Akazungusha.

Tak.

Akaegemea usukani. Shokapu ikazama chini yake pole kama mtu anayekaa baada ya kusimama mno, ikakaa kidogo, ikamwinua.

Jumapili aliteremka. Mawe yalikuja yaleyale, mengi vilevile; yaliishia chini. Alifika stendi basi limeshawasha injini, konda anapakia magunia ya karoti juu. Bibi alikuwa ameketi dirishani. Damari alikuwa bado chini, ameshika mzigo wake wa nguo uliofungwa kwa khanga, anatazama barabara inayotoka mlimani kwa shingo yake yote. Alikuwa amerefuka. Alipomwona baba yake hakukimbia. Alimngoja afike, akautazama uma, kisha akamtazama yeye.

"Inazama?"

"Inazama."

Mtoto akaweka mzigo chini, akashika usukani, akaukandamiza mara moja, mara mbili, kama mtu anayepima unga. Akatikisa kichwa kukubali. "Bibi," akaita dirishani, "nishushie na viatu vyangu!" Bibi akavitoa vikiwa ndani ya mfuko. Akaushika mkono wa mtoto kupitia dirishani mpaka basi lilipoanza kusogea.

Akapanda keria. Mlima ulipoanza, mtoto akashuka ili asukume kwa nyuma, lakini kwanza akapita mbele, akakifikia kizibo cha buluu bila kuuliza mtu, akakifunga. Hakuna aliyemfundisha upya. Wakapanda, mmoja akivuta, mmoja akisukuma, mpaka nyumba ya mwisho. Yafeti akaiingiza baiskeli sebuleni, akaiegemeza ukutani palepale, akawa anageuka kwenda kuwasha moto.

"Baba," Damari akasema. "Tumefika. Fungua."

Akarudi akafungua. Jioni ileile bakuli moja la Mama Sifaeli, lililosahaulika nyuma ya mlango, lilirudi kwake limejaa viazi, limebebwa kichwani na mtu mwenye meno mapya mbele.

Hapo ndipo ninapoishia kila ninapousimulia mfano huu, na watu hupiga makofi, husema kijana una mdomo. Nami hujibu, mdomo tu, je, mngeuona moyo! Kisha naondoka haraka kabla hawajafikiri. Kwa maana kuna kipande nimewaficha, na anayefikiri atakiona pengo lake.

Nilisema Yafeti alidhani ni kizibo tu, cha kuzuia mvua. Hapo niliwadanganya.

Alijua. Mwenye baiskeli ndani ya nyumba yake miaka yote ile asijue? Kila jioni Foibe alipofika, kabla hajavua kofia, kabla hajasalimu, alikizungusha kile kizibo kwa vidole viwili, tak, na yeye Yafeti jikoni alisikia akajua mkewe amefika, akaongeza kuni. Hiyo ilikuwa hodi yake. Siku ile ya homa alisikia baiskeli ikigusa ukuta. Hakusikia tak. Alingoja, haikulia. Na maadamu kizibo kilikuwa bado kimefungwa, kwa hesabu za mtu yule, Foibe alikuwa bado yuko njiani anapanda. Vidole vya mwisho kukigusa vilikuwa vya Foibe. Ndiyo maana kitambaa kilipita pembeni. Ndiyo maana aliivuta baiskeli mbali na mkono wa Singano. Aliona heri afungue kila nati, aoshe kila ringi, aing'oe shokapu nzima aitupe, kuliko kukisikia kile kizibo kikisema kwamba safari imekwisha.

Basi Mama Sifaeli aliposema, "Imefungwa tu," hakumfundisha kitu. Mle sebuleni palikuwa na jibu, nami nililiruka. Yafeti alisema, "Najua, shemeji." Na mama wa watu akamgeuzia mgongo, akaanza kuyapanga mabakuli yaliyokwisha pangika, akayapanga tena, mpaka aliposikia tak nyuma yake.

Nimejuaje? Damari ndiye mke wangu, na baba yake ndiye aliyeniambia, siku nilipomcheka nikimuuliza kwa nini hata sasa, mzee mzima, hushtuka kila mtoto akikichezea kizibo kile. Mkwe hasemwi, najua, na mimi nimemsema. Sasa na nyie semeni: huko majumbani kwenu mmekaa sakafuni na grisi mpaka viwikoni, mnatengeneza nini ambacho hakijaharibika?